Bei ya Mgongo wa Marigu

Iko siku moja, mwanangu Wawira, ambayo kila ikinijia natazama chini, hata nikiwa peke yangu jikoni na hakuna wa kuniona. Nimekaa nayo miaka mingi bila kumsimulia mtu. Jumapili ulipopiga simu ndiyo iliyonijia, ndiyo maana sikukujibu.

Ulikuwa umetoka kanisani. Nilimsikia mtoto akilia, na wewe ukimbembeleza huku unaongea. Ukaniambia likizo yako ya uzazi inaisha, na kwamba umempata msichana wa kukaa na mtoto, anaitwa Kathure, na mama yake atamleta hapo kwenu Kinoru Jumamosi. Kisha ukauliza, "Mum, anataka elfu kumi na mbili. Wenzangu ofisini wanasema nisipitishe saba, ati nitawaharibia soko. Kwani wewe ulikuwa unalipa ngapi wakati wetu?"

Nikanyamaza. Ukasema, "Halo? Mum? Naona network imepotea," ukakata. Mtandao ulikuwa sawa kabisa. Nikaiweka simu mezani na kwenda kuchambua maharagwe yaliyokuwa yamekwisha kuchambuliwa.

Basi nakuandikia. Najua siku hizi watu hawaandikiani barua, lakini nimekuwa mwalimu miaka thelathini na kitu, na mkono wangu huwa mkweli zaidi ukishika kalamu. Binamu yako akileta mboga Meru Ijumaa atakupitishia. Isome yote kabla ya Jumamosi, hata kama mtoto analia.

Ulikuwa na miezi miwili. Mimi nilikuwa nafundisha darasa la tatu, na likizo yangu ilikuwa imebaki wiki moja. Baba yako alifundisha shule ya mbali, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Tulikuwa hapahapa Kibugu, kwenye kipande cha chai tulichopewa na cucu yako, mama wa baba yako, ambaye wewe umebeba jina lake. Nilihitaji mtu wa kukaa nawe. Jioni moja nikapeleka majani kwenye banda la kupimia, na tulipokuwa tukisubiri lori la kiwanda, nikawauliza wanawake waliokuwa pale wanalipa wasichana wao kiasi gani.

Wakacheka. Mmoja, mwenye magunia mengi kuliko sisi sote, akaniambia, "Mwalimu, usije hapa na mshahara wa serikali kutuharibia wasichana." Kisha akataja kiasi, na wengine wakaitikia kwa vichwa, kwa maana walikuwa wamekwisha kukubaliana. Hakuna aliyeruhusiwa kupita hapo.

Nataka ujue jambo hili, kwa sababu ndipo aibu yangu inapoanzia. Nilikuwa nimekuja pale na kiasi changu kichwani, na kilikuwa karibu mara mbili ya kile walichotaja. Nilikuwa nimekaa chini, nikahesabu, nikaona kwamba naweza. Niliposikia chao, moyo wangu ulifurahi. Sikuuliza hata kidogo kama kinamtosha anayelipwa. Niliona tu kwamba nimeokoa pesa, na kwamba kama nitaulizwa, nitasema ndivyo kila mtu anavyolipa.

Na haikuishia hapo. Nikirudi nyumbani na kikapu kitupu mgongoni, nikaanza kukata. Atakula kwangu, nikakata. Atalala kwangu, nikakata. Atatumia sabuni yangu na mafuta yangu ya kujipaka, nikakata tena. Mimi mwalimu wa hesabu, mwanangu, nilitoa na kutoa hadi nikafika langoni, na nilipolifungua, mshahara wa mwezi mzima wa mtu atakayekubeba wewe ulikuwa sawa na nilichowalipa wachunaji wa chai kwa siku tano. Wachunaji sikuwahi kuwapunja. Wao walilipwa kwa kilo, jioni ileile, mizani ikiwa mbele ya macho ya watu.

Marigu aliletwa na mama yake kutoka Kiambere, huko chini Mbeere, kwenye joto. Alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu, mwenye mwanya na kicheko cha kushtua. Mama yake alikuja na kuku, ndengu debe nusu, na asali ndani ya kibuyu. Watu wanaoleta msichana wa kazi hawaleti zawadi. Yeye alileta, kwa sababu kwake alikuwa anamkabidhi mtoto kwa watu.

Tulikunywa chai. Yule mama akazunguka na maneno kama ilivyo heshima, akasifu majani chai yetu, akakusifu wewe, mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Sasa, Mwalimu, huyu mtakuwa mnampatia nini?"

Nilikuwa na kiasi changu tayari, lakini nilipomtazama, na yule kuku amefungwa miguu pale mlangoni, kilikataa kutoka mdomoni. Ningekitaja angejua ni kidogo. Kwa hivyo nikatabasamu, nikamshika mkono, nikasema, "Mama, huyu atakuwa kama mtoto wetu. Mtu huhesabiana na mtoto wake? Mshahara kidogo atapata wa kumsaidia, na bonasi ya chai ikitoka, sisi wenyewe tutampeleka kusomea ushonaji."

Yule mama akafumba macho, akasema ahsante kwa Mungu. Marigu naye akanitazama na kucheka kile kicheko chake. Ushonaji ndio uliokuwa umemtoa kwao. Alikuwa amekwisha kwenda mjini Embu akauliza karo ya chuo, akajua ni kiasi gani na masomo yanaanza Januari. Hakutaka kulea watoto wa watu maisha yake yote. Alitaka cherehani, na mimi nikampa ahadi ya cherehani ili nisitaje mshahara.

Sikuwa nimekusudia kudanganya. Hilo ndilo nilijiambia, na pengine ni kweli. Lakini nimefundisha watoto wengi, na najua mtu anaweza kusema uongo akiwa bado hajaamua kwamba ni uongo.

Basi Marigu akakaa. Nisimsimulie kama malaika, hakuwa malaika. Alikuwa na mdomo. Alikula kama mchunaji. Alitucheka sisi watu wa Kibugu kwa kuliogopa jua, na yeye mwenyewe alitetemeka kwa baridi ya msituni hadi nikampa sweta yangu kuukuu, iliyotoboka kiwiko. Na hiyo sweta, mwanangu, niliihesabu. Mwezi huo nilimkata kidogo. Siku aliyovunja chupa ya chai, nilimkata miezi miwili. Nilipomweleza, akauliza, "Na ile chai ilikuwa ndani, Mwalimu, nayo inalipwa?" Nikamwambia asiwe na kiburi.

Lakini wewe alikuweza. Ulikuwa mtoto wa kusumbua, nikwambie leo. Ulikataa uji, ulikataa maziwa ya kikombe, ulitapika ukiwekwa chini. Marigu alikufunga mgongoni kwa leso asubuhi ukalala huko, ukaamkia huko, akafua nepi nawe uko huko. Uji alikupa kijiko kimoja kimoja huku akiimba nyimbo za kwao, na kila kijiko kikiingia alikuwa anatangaza kwa nyumba nzima, "Wawira anakula!" Nikitoka shuleni jioni nilisikia nikiwa bado barabarani, "Wawira amekula!" Nikajua leo kuko sawa.

Kliniki walikupima, wakaandika kwenye kadi. Kila mwezi mstari ulipanda. Muuguzi akanisifu, na mimi nikaitikia sifa. Nilitembea na ile kadi ndani ya mkoba, nikiwaonyesha walimu wenzangu. Sikumtaja Marigu.

Bonasi, ile pesa ambayo kiwanda cha chai hutulipa wakulima mara moja kwa mwaka, ilitoka mwaka huo nzuri kuliko miaka iliyotangulia. Baba yako akaniuliza, "Na yule msichana?" Nikamwambia tutaona. Wiki iliyofuata nilikwenda Embu nikanunua makochi, ya rangi ya damu ya mzee, na vitambaa vya kufunikia. Walimu wenzangu wote walikuwa na makochi. Marigu ndiye aliyenisaidia kuyaingiza ndani, wewe ukiwa mgongoni mwake. Tulipomaliza alipitisha mkono juu ya kochi moja taratibu, akaniuliza, "Mwalimu, hii ndiyo ile ya bonasi?"

Nikamwambia, "Ushonaji tungoje bonasi ya mwakani. Mwaka huu mambo yamekuwa mengi."

Akasema, "Haya." Akatoka kwenda kuanua nepi.

Jumamosi yake cucu yako akaja kuyaona makochi. Nilimwandalia chai, nikamwonyesha pa kuketi. Akayatazama, akavuta kigoda cha jikoni, akaketi hapo. Nikadhani ni ushamba wa wazee. Nikaleta kadi yako ya kliniki ili afurahi, nikamsomea ulivyoongeza uzito.

Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hakuwahi kunipandishia sauti hata siku moja. Akaniuliza kwa Kiembu, polepole, kama anayeuliza habari ya mvua, "Mama Wawira, mchunaji akikuletea majani unamlipaje?"

"Kwa kilo, mama."

"Na huyu mtoto ameongeza kilo ngapi tangu yule msichana aje?"

Nikamtajia.

"Hizo umemlipa nani?"

Nilicheka, nikifikiri ni utani. Yeye hakucheka. Akasema, "Huyo mtoto ana jina langu. Unajua maana yake kwetu. Huyo ni mimi. Ni mimi ninayebebwa kila siku, ninayelishwa, ninayeoshwa nikijichafua. Nataka kujua tu, mke wa mwanangu, mimi umenikodishia mgongo wa bei gani?"

Ukubwa wa jambo hilo wewe unaujua, ingawa vijana wa siku hizi mnaona majina ni ya kuandika kwenye cheti tu. Mama mkwe akisema mtoto mwenye jina lake ni yeye, hasemi mfano. Nilikuwa nimesimama mbele yake na birika mkononi, na nilitakiwa kutaja kile kiasi. Sikukitaja. Niliona aibu, na aibu ikanigeuka hasira, maana nilikuwa kijana, na nilikuwa na cheti cha ualimu na makochi mapya. Nikamjibu kwamba hata wanawake wa bandani wanalipa hivyo hivyo.

Akamaliza chai yake, akaweka kikombe chini. "Karani akikukata kilo ya gunia pale bandani, unalia njia nzima mpaka nyumbani," akasema. "Nimekusikia." Akachukua fimbo yake, akaenda. Hakurudia maneno hayo tena mpaka alipofariki, na hakuketi kwenye makochi yale.

Siku tatu baadaye, nikarudi nyumbani kutoka shuleni nikakuta kimya. Nepi zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa. Wewe ulikuwa kwa cucu, umelishwa, umefungwa vizuri. Ile sweta yenye tundu la kiwiko ilikuwa juu ya kitanda cha Marigu, imekunjwa. Hakuwa amechukua hata sindano. Mshahara wa mwezi ule ulikuwa haujalipwa, na hakuuomba.

Wewe ukakataa kula. Siku ya kwanza nikasema umedeka. Siku ya pili cucu alijaribu, nikajaribu, mke wa jirani akajaribu, na kijiko ukakifumbia mdomo, unazungusha kichwa ukimtafuta mtu. Siku ya tatu ulikuwa umelegea na macho yameingia ndani. Nilikupeleka zahanati, wakakupa dawa ya kuzuia kutapika, na nikamwachia cucu. Asubuhi ya Jumamosi nikapiga moyo konde, nikashika njia ya Kiambere kumrudisha Marigu.

Kwenye mkoba nilikuwa na pesa. Mshahara wake wa mwezi ule, na nyingine kidogo juu yake za kumbembeleza. Njia nzima nilipanga maneno. Nitamwambia nimemwongeza. Nitamwambia mtoto anaumwa kwa sababu yake, ajisikie vibaya kidogo. Ndiyo, hata hilo nilikuwa nimelipanga.

Nilishuka kwenye lile joto, nikauliza njia, nikaelekezwa. Mama yake alikuwa uani anapepeta ndengu. Aliponiona, aliacha ungo ukaanguka, akaja mbio mikono imenyooka.

"Nilijua utakuja, Mwalimu," akasema. "Marigu ameniambia nyinyi ni watu wazuri. Ameniambia mwalimu mwenyewe ataleta ile ya chuo. Mimi nikasema, mbona umerudi kabla hujapewa, akaniambia, mama, ngoja utaona."

Mwanangu, hakuwa amenisema. Hakumwambia mama yake habari ya sweta, wala ya chupa, wala ya makochi. Nilikuwa nimejiandaa kukuta watu wamenikasirikia, na ningejua la kufanya na watu wenye hasira. Nikakuta naandaliwa kiti kivulini, natafutiwa maziwa ya mbuzi, na yule mama anawaita majirani waje wamwone mwalimu wa mtoto wake.

Hapo ndipo ningesema ukweli. Kinywa nilikuwa nacho. Badala yake nikafungua mkoba, nikatoa zile pesa zote, mshahara wake mwenyewe aliokuwa ameufanyia kazi na zile chache za kumbembeleza, nikamkabidhi mama yake mbele ya majirani, nikasema, "Hii ni ya chuo."

Alizipokea kwa mikono miwili bila kuhesabu. Akapiga magoti pale pale kwenye maganda ya ndengu, akaniombea. Akamwomba Mungu anipe watoto zaidi, aibariki chai yetu, aniweke niwaone wajukuu. Nilisimama, nimeinamisha kichwa, nikasema amina. Nimesema amina nyingi maishani, hiyo moja ningependa kuirudisha.

Nilipofumbua macho, Marigu alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na mtungi wa maji kichwani. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Alitua mtungi, akanisalimia kwa heshima, na neno la kwanza lililofuata likawa, "Wawira anakula?"

Nikatikisa kichwa. Sikuweza kusema kwamba ulikuwa unaumwa kwa sababu yake. 

Akanisindikiza barabarani. Yeye alitembea mbele, mimi nyuma. Tulipofika pa kusubiri gari, akanieleza namna ya kukulisha. Nikufunge mgongoni kwanza, nitembee nawe mpaka utulie, ndipo nikulishe, na nisikutazame sana kwa sababu ukitazamwa unakataa. Nikamwambia ahsante. Kisha akasema, bila ukali, "Mwalimu, hiyo umepatia mama si yote."

"Najua," nikasema.

"Hata haifiki nusu."

"Najua, Marigu."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuniuliza nitaleta lini. Gari lilipofika alinifungulia mlango, akanipa kibuyu kingine cha asali kutoka kwa mama yake, akaniambia nisikupe bado kwa sababu u mdogo, nikuwekee mpaka ukue. Nililia kutoka hapo mpaka Embu, na abiria wakadhani nimefiwa.

Nilikufunga mgongoni jioni ile kama alivyonielekeza, nikatembea nawe ndani ya chai kutoka mti hadi mti, mpaka ukatulia, ukala vijiko sita. Cucu alikuwa langoni akituangalia. 

Zile za karo zilizobaki nilizilipa. Makochi nilimuuzia mwalimu mwenzangu. Niliyauza, kwa hasara, na nikamdanganya kwamba nataka ya rangi nyingine. Lakini nililipa kidogo kidogo, na Januari ilikuwa imepita. Marigu alianza chuo mwaka uliofuata, na huo mwaka mmoja wa maisha yake niliukalia mimi. Alijifunza, akapata cherehani, akafungua duka lake la kushona sare za shule huko Kiritiri. Wafanyakazi anao wawili, na nimesikia anawalipa vizuri. Nikikutana naye soko la Embu ananishika mkono kwa mikono miwili. Na huniuliza kitu kilekile tangu siku ile, ananitazama usoni na kuniuliza, "Wawira anakula?" Wewe una miaka thelathini na mimi najibu, "Anakula."

Sasa nimalizie, maana bado kuna moja, na ndiyo mbaya zaidi. Siku ya harusi yako alikuja. Sikumwalika, alisikia tu, akaja. Aliketi kwenye hema la nyuma na watu wa jikoni, na zawadi yake ilikuwa leso mpya iliyokunjwa vizuri. Uliniona nikimsalimia, ukaniuliza, "Mum, huyu ni nani?" Nikakujibu, "Jirani wa zamani." Alikuwa karibu, Wawira. Alisikia. Alitabasamu na mwanya wake uleule, akasema ndiyo, ni jirani.

Niliogopa ukimjua utauliza alitoka kwetu vipi.

Haya, nasaha zenyewe, mwanangu. Uliniuliza nililipa ngapi, na sasa unajua, kwa hivyo mimi usinifuate. Wenzako wa ofisini usiwafuate pia. Waliokubaliana bei ya msichana bila msichana kuwepo wanatafuta wenza tu wa kushiriki aibu ile. Serikali ina kiwango chake cha chini, kiulize, na usishuke hapo hata kama ofisi nzima imeshuka. Kuanzia hapo panda. Piga hesabu ya mshahara wako, utoe unachoweza kweli, si kile ambacho hutaumia kukitoa. Elfu kumi na mbili ikikushinda kabisa, mwambie Kathure mwenyewe kwamba imekushinda, taja unachoweza, na umpe nafasi ya kukataa.

Kitaje Jumamosi mama yake akiwa pale, kabla chai haijaisha. Kitataka kukwama mdomoni. Kikikwama, ujue ni kidogo. Usikate chakula. Mtu hawezi kukaa na mtoto wako akiwa na njaa, kwa hivyo hicho chakula anakila kwa ajili yako. Kikombe kikivunjika, vikombe huvunjika. Ukimpa sweta, iwe umempa. Siku ya kulipa iwe ileile kila mwezi, na umtumie kwa simu yake mwenyewe, si ya mtu mwingine. Ukiwa na ahadi ya baadaye, iandike, na uweke tarehe.

Na usimwambie yeye ni kama mtoto wako. Labda baadaye, akikaa, akikuzoea, neno hilo litakuja lenyewe. Lakini lisije mahali pa mshahara. Mimi nilimwita mtoto wangu siku ya kwanza, na nilimfanyia jambo ambalo nisingemfanyia mchunaji.

Mungu aliyemsikia yule mama juu ya maganda ya ndengu, akanipa nisichostahili, watoto wengine wawili na wajukuu wa kuwaona, akupe wewe kwa haki. Akupe mgongo wenye joto wa kumbeba mtoto wako ukiwa kazini, na akupe uso wa kumtazama mwenye mgongo huo kila mwisho wa mwezi. Kathure akae kwako kwa amani, na siku akitoka, atoke na chake.

Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia namba ya Marigu. Mpigie kabla ya Jumamosi. Usianze na habari zangu, hizo nitazipeleka Kiritiri mwenyewe, na nitaenda kabla mwezi haujaisha. Wewe mwambie tu jina lako, na umwambie unakula.